Bahasha ya Siku ya Kwanza

Baba alirowesha stempu kwenye bakuli la mchuzi,
mama akinuna: "Leo tunakula Hungaria?"
Zikabanduka taratibu, zina utelezi wa bamia,
akazibandika juu ya kioo zikauke:
Peru, Siloni, malkia aliyegongwa muhuri wa pua.

Mwenyewe hata Tanga hakuvuka.

Ile aliyoificha chini ya zote
alijiandikia: Faki Shaame, S.L.P. 41, Wete.
Alipanga foleni tangu alfajiri,
akaituma kutoka dirisha la posta
hadi kisanduku cha ukuta uleule.
Ikazungukia Unguja, ikarudi siku ya tisa.

Jana nimeifungua kwa mvuke wa birika.
Ndani hamna kitu.

Nikairamba palepale alipoiramba,
nikaifunga.