Deni, Ngeli ya LI-YA

Kitabu nilikinunua Ngamiani, kwenye turubai la mitumba,
kati ya kiatu kisicho na mwenzake na pasi isiyo na waya.
Jalada hakuna. Ukurasa wa tatu, kwa wino wa kijani:
"Mali ya Chausiku Mhina, Kidato cha Nne B. Ukiokota rudisha."
Sikuokota. Nilitoa elfu na mia tano.

Mpwa wangu Semeni akaniwekea programu kwenye simu.
"Mjomba, wewe piga picha kurasa tu, yenyewe itakukatia kadi.
Mbele swali, nyuma jibu.
Ukikosa inarudi kesho. Ukipata inakaa mbali,
siku nne, siku kumi, mwezi,
kama mgeni aliyekwisha kushiba."

Kurasa tisini na sita, usiku mmoja, umeme ukiwepo,
mikono bado ina grisi ya minyororo ya baiskeli za watu,
nabonyeza kwa kifundo cha kidole.
Programu ikatafuna, ikameza, ikatema:

Maji yako ngeli gani? YA-YA.
Wingi wa unyayo? Nyayo.
"Pigwa" ni kauli gani? Kutendwa.
Bi Mwajabu wa Barabara ya Kumi na Tatu anadai kiasi gani?
Shilingi mia nane, mihogo na chachandu.

Nikafungua kitabu. Kweli,
pembeni mwa somo la vitenzi, kwa penseli,
mwandiko wa mtu anayeandika mwalimu akiwa amegeukia ubao.
Mashine haijui pambizo.
Kwake, kilichoandikwa ni somo.

Ningeweza kuifuta. Alama ya pipa ipo, nyekundu.
Nikabonyeza "Tena".

Basi ikawa inanijia.
Nimepindua baiskeli ya muuza mkate, magurudumu juu,
simu inatetema kwenye kopo la spoku:
Bi Mwajabu anadai kiasi gani?
Jumatatu. Alhamisi. Kwenye foleni ya luku.
Viambishi vinanitoroka, nomino dhahania zinanitoroka,
mia nane haitoroki.
Dawa ya deni kulipa, walisema waliotutangulia.
Hawakusema deni la nani.

Jumamosi nikafunga banda mapema.
Niliuliza nyumba mbili, ya tatu nikaelekezwa:
kikaango mlangoni, yeye juu ya kigoda,
mguu mmoja umevimba, ameunyoosha juani.
Shikamoo. Marahaba.
"Nimeleta mia nane za Chausiku."
"Chausiku yupi?"
"Mhina. Alikuwa mwanafunzi. Alikula mihogo."

Akacheka mpaka upawa ukamponyoka.
"Mwanangu, waliokula mihogo yangu wakakimbilia kengele,
ningewaandika ningemaliza karatasi za Tanga nzima.
Mimi nasahau makusudi.
Ningewakumbuka wote, presha ingeshanizika."

Hela alipokea, lakini.
Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga,
kisha akanitilia vipande vinne kwenye gazeti,
chachandu juu, pilipili bila kuniuliza.
"Elfu moja," akasema.
Nikapapasa mifuko. Nilikuja na mia nane kamili,
kama mtu anayekwenda kujibu swali moja.
"Haya nenda. Utaleta."

Nilikula njiani, baiskeli naiongoza kwa mkono mmoja.

Usiku kadi ikaja.
Bi Mwajabu anadai kiasi gani?
Nikageuza: mia nane. Jibu la jana.
Nikatafuta kitufe cha kuiambia kwamba hilo limelipwa,
mengine yamezaliwa. Hakipo.
Kuna "Tena", "Ngumu", "Vizuri", "Rahisi".

Nikachukua penseli.
Chini ya mstari wa Chausiku nikaandika wangu,
mwandiko mbaya, grisi kidogo.
Ukurasa huo sikuupiga picha.

Mtihani ni Novemba.
Kadi ya mia nane, inasema programu,
itarudi Machi.