Mgonjwa wa Galula

Kabla ya hapa nilikuwa fundi wa meno, Mbeya mjini,
nikichonga magego ya watu katika chumba kimoja
juu ya duka la mbegu, Mwanjelwa.
Mashine ni ileile. Ncha ni ileile, nyembamba kama unywele wa kichanga.
Mgonjwa tu ndiye amebadilika:
hapigi kelele, hana mate,
na tangu afe ni miaka elfu nane.

Tulimtoa korongoni, nyuma ya Galula,
pale mto Songwe ulipokula ukingo
ukafunua mkanda mweupe katikati ya udongo,
kombe juu ya kombe juu ya kombe,
kama sahani za wageni wa arusi
walioondoka bila kuosha.
Ziwa Rukwa liko mbali siku hizi. Kutoka hapa hulioni
hata ukipanda juu ya gari la Asangwile;
unaona ufuta, unaona ng'ombe, unaona vumbi linajiendea.
Lakini hapa niliposimama na kandambili
palikuwa na maji ya kuuzamisha mnara wa simu.

Wenzetu wa Lindi husoma kombe za baharini.
Wao wana bahari, ipo, wanaweza kuirudia na kuiuliza.
Sisi tuna ziwa lililohama bila kuaga, likaacha vyombo.

Kusoma kwenyewe ni hivi:
maji yana oksijeni nyepesi na oksijeni nzito.
Jua likiwaka, nyepesi hupaa kwanza,
kama vijana wakisikia dhahabu imeonekana Chunya;
nzito hubaki, pamoja na wazee na madeni.
Kombe hujenga ukuta wake kwa kilichobaki.
Msimu wa mvua, mstari mwepesi. Kiangazi, mzito.
Halalamiki. Hasifu.
Nami nakwangua mstari mmoja mmoja, poda inashuka karatasini,
kidogo kuliko chumvi ya kulia yai.
Siruhusiwi kupiga chafya.

Jana alikuja Sekela Nzowa, mwenye shamba,
akasimama mlangoni mwa hema, mkono kiunoni.
— Inasema mvua itanyesha lini?
Nikamwambia haijui kesho. Inajua mwaka mmoja wa zamani,
na uliofuata, na ule ambao mvua haikuja.
Akacheka kwa pua.
— Basi haijanizidi.

Akanichukua kwake kunywa chai.
Nyumba yake nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho saa sita ile.
Nikapitisha kidole ukutani, kikatoka na unga
ninaoujua.
— Chokaa hii ya wapi?
— Ya korongoni. Mama alizichoma, bibi alizichoma.
Unazipanga na kuni, moto usiku kucha,
asubuhi unamwagia maji, zinachemka zenyewe.
Gunia tatu, kila Krismasi.

Kuta nne. Matabaka arobaini, labda hamsini.
Mafuriko yote yale, njaa zote zile,
na moto ukazikoroga tarehe zote kuwa rangi moja.
Asangwile angelia.
Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niseme
nikaona mjukuu wake amelala sakafuni, shavu limegusa ukuta,
na mle ndani, katika joto lile la Oktoba,
mlikuwa na ubaridi.
Nikaomba chai nyingine.

Usiku, kwa taa ya betri, nikarudi kwa mgonjwa.
Mistari kumi na mmoja. Wa nane mzito,
wa tisa mzito kuliko wa nane,
wa kumi mwembamba hata ncha ilitaka kuuruka.
Wa kumi na moja haukukamilika:
umeishia njiani, kama mtu aliyekatwa kauli
mlango ulipogongwa.

Nikaandika daftarini: kiangazi.
Nikakaa.
Halafu mbele yake nikaweka alama ya kuuliza.