Mbuzi Ipo

Pasi ya mama inasema Januari mosi,
kama pasi za nusu ya wazee wa mtaa wetu hapa Al-Khoudh:
karani aliuliza, hakuna aliyejua, akaandika.
Mama anachokumbuka ni mwaka tu,
mwaka ambao mvua ilibomoa choo cha jirani.
Basi siku tumeichagua wenyewe, Ijumaa ya Novemba,
kwa kuwa joto limeshuka
na Ghaliya karudi kutoka chuoni.
"Andikeni sabini," akasema mama.
"Sabini na mbili pengine. Lakini mishumaa ni pesa."

Akatoa sharti moja: chakula kisiwe na damu.
Hakusema kwa nini.
Mimi niliyesimama naye dirishani
siku ya matanga ya baba,
mbuzi saba wakilia nyuma ya ukuta,
sikuuliza.

Tangu alfajiri nimeikalia mbuzi, nakuna.
Tui la paketi lipo dukani, tena la bei nafuu,
ila mama atalijua kabla kijiko hakijafika mdomoni.
Nazi za Salala, sita. Moja ilioza.
Chooko zimerojeka, mbaazi zimeiva,
birigani nimezichoma motoni ganda likapasuka,
bamia, mbatata, boga la tui na hiliki kidogo,
kisamvu kilichosafiri kikiwa barafu
nikakitwanga upya, nimkumbushe kilikotoka.
Keki ya tende kaipika Ghaliya.
Imebonyea katikati kama godoro la mgeni.
Tumeziba shimo kwa lozi, tukajidai ni pambo.

Baada ya sala wakaja.
Viatu vikajaa mlangoni, watoto wakajaa kila pahala,
na shemeji Harith, kutoka Nizwa, kanzu inanukia udi,
akapita moja kwa moja jikoni
akifunua vifuniko kama mtu wa forodha.
La kwanza, kijani.
La pili, kijani.
La tatu, njano; akainama, akatazama vizuri: boga.
Akarudi ukumbini, uso umemshuka.
"Shangazi, siku kubwa kama hii. Mbuzi yuko wapi?"

Kimya. Hata Qais aliacha kuvuta mkia wa puto.
Mama, juu ya mto wake, hakunyanyua jicho:
"Mbuzi ipo."

Silabi mbili tu,
na mnyama akageuka ubao,
mguu wake ukawa chuma, meno yake nje,
unga wa nazi bado umemganda ndevuni.
Tulicheka wakubwa mpaka dada Zuweina akapaliwa.
Watoto wakatutazama.
Ghaliya akaomba afasiriwe,
nikajaribu kwa Kiarabu, mzaha ukanifia mkononi:
kule mnyama ana jina lake na kibao kina lake,
hawajawahi kulala kitanda kimoja.
Ikabidi nimlete mbuzi mwenyewe, nimweke juu ya jamvi.
Akalikagua. "Huyu?" akasema. "Hii?"
Akacheka peke yake, wa mwisho, kuliko sote.

Harith alikula sahani tatu. Nilizihesabu.
Chooko alizifuta kwa mkate mpaka kauri ikang'aa.
Alasiri akakumbuka, akatoka mbio garini:
kuku wawili wa kuchoma, wamefichwa butini,
akiba ya mtu asiyeamini.
Hata Novemba, jua la huku halitunzi siri.
Paka wa mtaa wakamfuata hadi kwenye pipa
kama maharusi.

Walipoondoka, mama hakwenda kulala.
Alishuka chini, taratibu, goti kwanza,
akachukua kitambaa kibichi
akamfuta mbuzi meno, jino baada ya jino,
yule aliyekuja naye huku ndani ya sanduku
amevikwa kanga.
"Huyu," akasema, "hajapata kulia."

Halafu akauliza kama boga limebaki.