Siku Thelathini

Uzio ni mabati mapya, ya buluu, moto kama karai.
Nimepata tundu la msumari kwenye kona ya Makande,
nimefumba jicho moja, nikaingiza la simu.
Nyumba nambari kumi na saba haina paa.
Mara ya kwanza jua laingia jikoni kwa mamangu
bila kubisha hodi.

Napiga.
Ukuta wa kijani, ule babangu aliopaka
kwa rangi iliyobakia ya mabehewa
(asije mtu akasema aliiba: ilibakia).
Napiga.
Choo cha nje, mnyororo waning'inia, hauna cha kuvuta.
Napiga tingatinga likiinamisha shingo
kama ng'ombe anayenusa ndoo asiyoijua.

"Wewe mama! Wewe wa leso!
Nani amekupa ruhusa?"

Wawili. Mmoja ana rungu, mmoja ana redio,
na redio ndiyo yenye cheo.
Beji ya mwenye rungu yasema CHENGO, ile O imefutika nusu.
"Hapa hapapigwi picha."
Kwani ni kambi ya jeshi?
"Ni mali ya mtu."
Mtu gani?
Wakatazamana. Redio ikakohoa.
"Mtu," akasema.

Nikawaambia mimi nimezaliwa humu,
si hospitali, humu, chumba cha pili, usiku wa mvua;
Bi Mwanasha wa kumi na tisa ndiye aliyenikata kitovu.
Mwenye redio akauliza kama nina karatasi.
Karatasi ya kitovu?
Hakucheka. Nami sikukusudia kumchekesha mtu.

"Futa. Zote. Nikiona."

Basi nikafuta mbele yao, mtu mzima na wajukuu,
kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.
Choo, kikaenda.
Tingatinga, likaenda,
na lenyewe nyuma ya mabati likizidi kunguruma.
Kwenye ukuta wa kijani kidole kikakwama.
Chengo akainama, akakitia kioo kivuli apate kuona.
"Hii mistari ya makaa ni ya nini?"
Ni sisi. Huyu Mghoi. Huyu mimi.
Huyu Righa, aliishia hapa, chini ya dirisha,
hakuongezeka tena.

Akanyamaza. Kisha, kama mtu anayekiri deni dogo:
"Mimi nalala humo. Tangu mwezi wa tatu, zamu ya usiku.
Kuna msumari nyuma ya mlango. Natundika koti."

Msumari ule naujua. Inchi nne, kichwa kimepinda.
Babangu aliupiga kwa jiwe la mamangu la kusagia bizari,
wakanuniana hadi Jumapili.
Kofia yake ilikaa pale miaka ishirini na miwili,
na sasa koti la mtu nisiyemjua,
na sikuona wivu. Niliona afadhali.

"Chengo! Amefuta?"
"Anafuta!"
Akapaza sauti wote wasikie, futa, mama, futa,
kisha chini kwa chini, akitazama kwingine,
akijikuna shingo kwa rungu:
"Lakini simu hizi zina jaa lake.
Ukifuta kitu, kwanza kinaenda jaani. Kinakaa siku thelathini.
Binti yangu ndiye aliyenionyesha."

Nikafuta. Mwenye redio akatazama, akaridhika,
akanielekeza barabarani
kana kwamba Makande nimeingia jana.

Lori la kifusi likanipita kwenye taa,
kijani kikichungulia katikati ya mawe.
Nikalipungia mkono, sijui kwa nini.
Utingo akadhani ni yeye, akanipungia.

Leo ni siku ya ishirini na sita.
Kila usiku nafungua jaa, natazama, nafunga.
Ziko zote, kila moja na hesabu yake pembeni: siku nne.
Kugusa mara moja tu, zirudi.
Mghoi yuwapiga simu kutoka Voi: umezirudisha?
Namwambia kesho.
Kisha nazima taa, na nikijigeuza kitandani
nawaza lile koti,
sasa latundikwa wapi.