Mchukuzi wa Mabegi

Saa mbili asubuhi nayapakia garini:
la buluu la Waholanzi, magurudumu yamekufa;
la kahawia la mwalimu wa Lyon, jepesi kama deni lililolipwa;
na lile jekundu la Bi Ragnhild,
ambalo Jumatatu nililiinua kwa mkono mmoja
na leo Alhamisi limenikumbusha pingili ya nne ya mgongo wangu.

Wao hutembea bila kiongozi.
Wana kijitabu chenye ramani, na fimbo mbilimbili
kama mbuzi walioongezewa miguu,
nami nawatangulizia nguo safi
kutoka Vermoise hadi Saint-Aubrin, kilomita kumi na sita
ambazo kwangu ni taarifa ya habari na nusu ya wimbo.
Wao huzitafuna kutwa nzima.
Jioni hufika, nyuso nyekundu, miguu malengelenge,
wakanisimulia kwetu.

"Umewahi kukiona kile kilima, Ghislain, ukiwa juu?"
Nimekipalilia, Bi Ragnhild. Nimekipogoa Januari, vidole si vyangu.
Nimekinyunyizia dawa, nimekiokotea mawe.
Kukiona?
Hapo umenishika.

Mawe. Ndiyo yaliyokuwa begini.
Zipu ilikuwa wazi; sikupekua, naapa,
ila macho hayana pazia:
mawe ya chokaa, kila moja limevishwa soksi
kama yai la safari.
Baba yangu, Anselme, aliyang'oa ardhini miaka arobaini,
akayapanga ukuta, akazikwa amepinda kama mundu.
Kumbe yangengoja tu. Lingekuja begi jekundu.

Ukuta wenyewe umo kijitabuni, ukurasa wa tisa:
*Penye ukuta uliobomoka, kata kushoto.*
Jina hakuna. Liwepo la nini?
Shamba tuliliuza mwaka ule wa baridi ya Aprili
tulipowasha mishumaa mia nne kati ya mistari ya mizabibu
kama watu wanaokesha na maiti,
na kulipokucha maiti akawa maiti vilevile.

Jumapili sina mabegi.
Kiti cha nyuma kilibaki kijitabu cha mtu, kina duara la glasi.
Nikavaa buti za mavuno. Huguette, mke wangu,
akanicheka tangu mlangoni hadi nilipopinda kona:
"Mtalii! Kwenu unarudi lini?"

Nilipotea kabla ya saa nne.
Kilomita mbili kutoka kitanda nilichozaliwa!
Kijitabu kinasema msalaba wa chuma, na msalaba ndio huu;
kinasema kulia, na kulia ni kwa akina Quenardel,
ambao hatusemezani nao tangu enzi za babu
kwa ajili ya mfereji mmoja wa maji.
Nikaenda kushoto, kwa mazoea.
Mazoea yakanitupa mibani.

Binti wa Quenardel ndiye aliyenichomoa,
labda miaka ishirini, mkasi mfukoni.
"Wote hupotea hapa," akasema. "Karibu pishini, upoe."
Akanimiminia nyekundu ya mwaka juzi, bado ina ukali wa ujana,
akanieleza udongo, polepole,
kama unavyomweleza mtu wa mbali.
Nikaitikia. Nikauliza hata maswali.
Mgeni haulizwi jina, nami sikulitaja.

Ukutani nilifika saa sita.
Pale kwenye mstari wa juu palikuwa na pengo,
safi, jipya, kama ufizi wa mtoto.
Nilikasirika. Niseme ukweli, nilikasirika
muda wa kula mkate mzima na jibini.
Kisha nikageuka nyuma, na bonde lote likawa pale,
mistari kwa mistari, imechanwa kwa kitana,
na sikuwa na kazi hata moja ya kuifanya.

Jumatatu, stesheni ya Vermoise.
"Ni zito mno, samahani," Bi Ragnhild akasema,
huku haniangalii.
"Si kitu," nikamjibu,
nikachuchumaa, nikalinyanyua kwa magoti, si kwa mgongo,
jinsi ambavyo Baba
hakufunzwa na mtu.