Ala ya Afande Ndimbo

"Kesho," nilimwambia mwezi wa nne,
ngozi haikauki, mvua ya Gerezani unaiona.
"Kesho," mwezi wa sita. Sindano imevunjika.
Wa saba, simu yake niliilaza kifudifudi
juu ya benchi, ikatetemeka
hadi ikaangusha misumari.

Advansi nilishaila: kodi ya kibanda, ada ya Tumsifu.

Leo kaja mwenyewe. Hakufoka.
Akapapasa mshono, akanusa nta,
akauliza salio.
"Na bastola? Tuipime."
"Niliirudisha ghalani Ijumaa. Nimestaafu."

Nikainamia gundi.
Kazi nzuri, kusema kweli,
mshono wangu bora mwaka huu.

Akatoa miwani mfukoni,
akaichomeka ndani ya ala.
Ikapwaya.
"Utaipunguza lini, fundi?"

Mdomo ukanitangulia:
"Kesho."