Loleza Ndani ya Ufa

Wanasema msumeno hukata mbele na nyuma.
Huu wetu wa Mwanjelwa haujui nyuma.
Ni mkanda: unapita, unazunguka, unarudi mbele,
na miezi minne sasa unakata upande.

Mteja wa Igawilo alirudisha fremu ya tela,
akaibwaga sakafuni bila salamu.
Ikacheza. Tak, tak, kona moja,
kama kigoda kwenye kilabu cha pombe.
"Mkanda mbovu," akasema bosi Ambakisye,
akaagiza mwingine Dar, ukaja na basi la usiku.
Ukakata mshazari.
Wa tatu ukaja umefungwa gazeti,
ukakata mshazari uleule
kwa bei mpya.

Leo Jumamosi wote wako msibani Kyela.
Nimebaki na jiko la mkaa na baridi ya Julai,
vidole havikunjiki.
Nimechomoa plagi,
nimening'iniza kibao kwenye swichi:
TUMWITIKE YUKO NDANI, USIWASHE.

Kabla ya hapo nilikiuliza chuma chenyewe.
Nilikata kipande, nikakigeuza juu chini,
nikakibananisha na mwenzake uso kwa uso,
nikavinyanyua dirishani.
Ukigeuza hivyo, kosa husema mara mbili.
Ufa, mwembamba juu, mpana chini,
na ndani yake Loleza,
na ukungu wake, na mnara wake wa simu.
Mlima mzima
umepita kwenye kosa letu.

Nikalegeza. Mkanda ukaruka,
ukajikunja pete tatu miguuni pangu.
Nikafuta magurudumu kwa mafuta ya taa:
chenga zilikuwa zimeganda ukingoni
kama ukoko wa ugali, nikazikwangua na kijiti.

Beringi za kuongozea ziko nne.
Tatu nilizisukuma kwa kidole, zikazunguka.
Ya nne ikanitazama.
Imelika upande mmoja, bapa, inang'aa
kama kitu kinachotunzwa.
Bosi aliifunga mwenyewe, mwaka jana,
kwa nyundo.

Namba yake niliipata kwenye kopo la maziwa,
chini ya nati za Fuso.

Kisha mkanda tena: meno yatazame yanakokwenda.
Nikakaza robo. Robo. Nusu ya robo.
Nikaupiga kwa ukucha, ukajibu bu,
ngoma iliyonyeshewa.
Robo nyingine. Bado.
Kidogo tena: ting',
sauti ikakaa hewani, nikaiacha imalize.

Nikazungusha gurudumu kwa mkono.
Mgongo wa mkanda ukapanda, ukapanda,
nikairudisha skrubu ya nyuma,
ukashuka, ukatulia kando ya ukingo
kama mkwe wa kike na baba mkwe wake kwetu Rungwe:
boma moja,
ila hawakutani.

Nafasi ya beringi nimeipima kwa karatasi,
risiti ya ule mkanda wa tatu.
Ipite, lakini iburuze.
Skwea nikaisimamisha mezani, bega likagusa mkanda
kuanzia juu hadi chini, pasipo mahali
pa kuingiza hata unywele.

Nikatoa kibao. Nikawasha.
Maji ya sabuni yakatiririka meupe kama togwa,
chuma kikalalamika kidogo, kikanyamaza,
dakika saba, kipande kikaanguka kwenye ndoo.

Nikakigeuza. Nikakibananisha. Dirishani:
giza.
Nikainamisha kichwa huku, nikainamisha kule.
Loleza hayupo.
Nilicheka peke yangu, mkaa ukiwa umezima zamani.

Jumatatu atauliza nani amegusa.
Vipande viwili nimeviacha mezani kwake
juu ya risiti tatu.
Ile beringi ya nne
iko mfukoni mwangu, nzito kuliko ukubwa wake.
Bado sijaamua.